Sauti ya Mwenyekiti Pekee

Saa tatu na dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, mlinzi wa lango la Jopo la Maadili aliwasha runinga ndogo isiyotoa sauti, kisha akafungua redio na kuiweka juu yake. Hakuwa amechanganyikiwa. Hivyo ndivyo kikao kilivyoruhusiwa kufuatiliwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa haujamaliza hata wiki. Jopo liliundwa kuwahoji watumishi wakuu wa serikali waliotuhumiwa kuchezea mali ya umma, na sheria iliyoliunda ilisema vikao vyake vitakuwa vya wazi. Kwa muda mrefu Jopo lilitimiza sharti hilo kwa kuacha mlango wa ukumbi bila komeo. Mwananchi aliyefika alikuta mabenchi ya wageni yamejaa madereva, wasaidizi na wakwe wa mtuhumiwa, waliowahi tangu alfajiri. Alikuwa na uhuru wa kusimama nje na kuutazama mlango.

Vituo vya runinga na redio vilipoomba kuingia, Mwenyekiti aliomba muda wa kutafakari. Alikuwa jaji mstaafu, mtu wa suti nzito na maneno mazito, na kutafakari kwake kulichukua msimu mzima wa mvua.

"Picha na sauti vikiwa pamoja," aliliambia Jopo hatimaye, "mtu anakaa sebuleni kwake na kuanza kuhukumu."

"Na vikitengana, mheshimiwa?" aliuliza afisa habari.

"Vikitengana, huyu anatazama tu, na yule anasikiliza tu. Hapo hana madhara."

Afisa habari aliyapokea maneno hayo kama fundi cherehani anavyopokea kipimo. Siku iliyofuata alileta pendekezo: runinga ipewe picha bila sauti, redio ipewe sauti bila picha. Mwenyekiti alilipenda kiasi kwamba chai haijapoa alikuwa ameshalifanya lake. Afisa habari hakubisha. Alijua jambo moja ambalo Mwenyekiti, kwa sababu ya maisha aliyoishi, hakuwahi kulifikiria: watu wengi wana runinga na redio katika chumba kimoja.

Alikuwa na sababu ya kutaka watu wasikie, na sababu hiyo ilikuwa inalala kwenye chumba cha watoto wake. Dada mkubwa wa mke wake alikuwa mtunza stoo wa hospitali kuu. Magodoro mapya ya wodi ya wazazi yalipotoweka, Mkurugenzi wa hospitali alimsimamisha kazi yeye, na mtaa ukamaliza yaliyobaki. Jirani muuza gesi, ambaye wote walimwita Mama Gesi, ndiye aliyempachika jina la Mama Magodoro, na jina likamkaa. Akienda kununua nyanya, aliulizwa kama anauza na mito. Akapangishwa chumba, akafukuzwa. Sasa alikuwa kwa mdogo wake, akilala na mapacha, akisubiri siku ya kutoa ushahidi. Alitaka kitu kimoja tu: Mkurugenzi aseme, na mtaa usikie.

Ndugu wa shahidi kufanya kazi kwenye Jopo ni jambo la kutamkwa, na afisa habari alilitamka mapema mbele ya Mwenyekiti na katibu.

"Sheria inakataza ndugu wa shahidi kukaa kwenye Jopo," Mwenyekiti alimjibu. "Wewe hukai kwenye Jopo. Unakaa kwenye kiti cha plastiki. Endelea na kazi."

Basi Jumatatu hiyo Mkurugenzi aliitwa kuhojiwa, na afisa habari, baada ya kuhakikisha kamera ya pamoja ya vituo vyote imewashwa, alishuka hadi kibanda cha mlinzi kuona nyumbani wanaona nini.

Walichokuwa wanaona hakikuwa kile kilichokuwa kinatokea.

Redio ilitoka kwenye mnara wa mlimani na kufika papo hapo. Picha ilipanda kwanza kwenye setilaiti, ikazunguka huko ilikozunguka, ndipo ikashuka kwenye madishi ya watu, imechelewa kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishusha. Mtu mwenye pupa ya kujibu, kama Mkurugenzi, alikuwa ameshajibu redioni wakati runinga bado inamwonyesha Mwenyekiti akiuliza.

"Je, ni kweli ulikuwa na magodoro ya serikali nyumbani?" ilisema redio. Kwenye kioo, Mkurugenzi alikuwa anafumbua mdomo kwa upole, kana kwamba swali ni lake.

Kisha kamera ikamgeukia Mwenyekiti. Midomo yake ikaanza kucheza, kidole kimeinuliwa, uso umekunjamana, na redio ikasema kwa sauti ya unyenyekevu: "Moja tu, mheshimiwa. Mgongo unanisumbua."

Mlinzi alimtazama afisa habari. "Kumbe na mzee naye?"

"Picha imechelewa. Aliyejibu ni Mkurugenzi."

"Mimi nimemwona mzee kwa macho yangu, bwana."

"Umemwona anauliza."

"Sasa aliyeuliza ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe."

"Anajiuliza na kujijibu," alisema mlinzi, akairudishia redio betri iliyokuwa inachomoka. "Ndiyo maana kesi haziishi."

Kufikia saa za mchana mtu mmoja mwenye simu na muda alikuwa amerekodi runinga na redio yake kwa pamoja, akakata kipande hicho, na kukirusha. Kilizunguka nchi nzima kabla ya Jopo kumaliza chakula. Kilimwonyesha jaji mstaafu akikiri kuhusu mgongo wake, na Mkurugenzi akimhoji kwa subira ya mtu mwadilifu. Wasiomfahamu Mwenyekiti walishangaa. Waliomfahamu walisema afadhali amesema mwenyewe.

Jumanne asubuhi Mwenyekiti alimwita afisa habari ofisini. Katibu wa Jopo alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayetarajia kulaumiwa na amejipanga kulaumu kwanza.

"Fundi anayenishonea suti," alisema Mwenyekiti, "ameniuliza kama limebaki godoro la tano kwa sita."

Hakuna aliyecheka. Ilimgharimu afisa habari jitihada.

"Mheshimiwa, njia ya kuthibitisha kwamba si wewe uliyesema ni kurusha picha na sauti pamoja, kutoka chanzo kimoja. Hapo kila neno litakaa kwenye mdomo wake."

"Hilo ndilo tulilolikataa."

"Ndiyo."

"Nikilikubali watasema nimeshindwa."

"Mzee," katibu aliingilia, "si tufunge yote? Kamera nje, redio nje. Tuseme vyombo vimeharibika."

Mwenyekiti alifikiri, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alifikiri haraka. "Nikifunga leo, kipande kile ndicho kitabaki. Nitazikwa nacho. Hapana. Watu wanisikie mimi, kwa picha yangu na sauti yangu, waone ninavyouliza. Wengine wabaki kimya. Redio itoke kabisa, ndiyo iliyoleta fujo."

Akavuta karatasi, akafungua kalamu yake ya wino, na kuanza kuandika amri. Alipoandika aliitamka.

"Sauti... ya Mwenyekiti... pekee... ndiyo... itakayorushwa."

Afisa habari alimsikiliza. Mwenyekiti alikuwa ametumikia mahakama ambazo kila neno la shahidi liliandikwa kwa mkono wa jaji mwenyewe. Mkono wake ulikuwa wa polepole, na ili sentensi isimponyoke aliisema alipokuwa anaiandika, neno baada ya neno, kama ilivyotoka kwa msemaji. Shahidi akisema nilikwenda, Mwenyekiti naye alikwenda. Shahidi akisema nilizaa watoto watano, jaji alizaa. Jopo lilikuwa na mpiga chapa na mashine ya kurekodi, lakini Mwenyekiti hakuamini kitu ambacho hakikupita kwenye kalamu yake. Ukumbini walikuwa wamemzoea kama mtu anavyozoea mngurumo wa friji lake, na Jumatatu fundi wa redio alikuwa anakishusha kipaza chake kila alipoinama kuandika, vile mafundi wanavyomfanyia mtu mwenye kikohozi.

"Mheshimiwa," alisema afisa habari, "kipaza chako kiwe wazi unapouliza tu, au muda wote?"

"Muda wote. Wakikifungafunga watasema tunaficha jambo."

"Kikiwa wazi muda wote kitachukua kila utakachotamka."

"Ndiyo kazi ya kipaza, kijana."

"Naomba hilo liongezwe kwenye amri, ili mafundi wasibishane nami."

Mwenyekiti aliliongeza. "Muda... wote... bila... kushushwa."

"Na nakumbusha kwamba shahidi wa kesho ni shemeji yangu."

"Nalijua hilo," alisema Mwenyekiti, akipiga muhuri. "Hatasikika. Kwa hiyo hakuna mgongano wa maslahi."

Jioni, nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mke wake alikuwa anakunja nguo za mapacha kwa nguvu isiyohitajika na nguo.

"Baba Mapacha, ni kweli? Kesho sauti ni ya yule mzee tu?"

"Ni kweli."

"Na wazo la mwanzo lilikuwa lako."

"La mwanzo, ndiyo."

"Basi hongera." Aliipiga soksi moja juu ya nyingine. "Dada yangu amelinyoosha gauni mara tatu. Mama Gesi ameshaomba kuja kutazama hapa kwetu, eti runinga yetu ni kubwa. Anakuja kuona mwizi, huyo."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti pamoja, kama mtu aliye kituoni akisubiri kuitwa. "Kwa hiyo nitafumbua mdomo na kuufumba," alisema. "Kama samaki kwenye ndoo. Na mtaa mzima utazame."

"Shemeji," alisema afisa habari, "kesho sema polepole. Sentensi fupi. Ukimaliza moja, nyamaza mpaka Mwenyekiti amalize kuandika, ndipo useme nyingine."

"Ya nini, kama sisikiki?"

Alipima ajibu nini. Hakuwa na hakika, na hakuwa mtu wa kugawa matumaini ambayo hajayathibitisha. "Ni mzee," alisema. "Anaandika kwa mkono."

"Unanihurumia mimi au unamhurumia yeye?" shemeji aliuliza, lakini alikubali kwa kichwa.

Jumatano, kabla kikao hakijaanza, afisa habari alikuwa kwenye ujia nje ya ukumbi, karibu na meza ya fundi wa runinga, pale nyaya zilipoingilia mlangoni. Mkurugenzi na wakili wake walikuja kusimama hatua chache kutoka hapo. Wakili hakupunguza sauti. Aliwaona mafundi kama watu wanavyoona viti.

"Leo redio haipo. Kinachotoka nje ni sauti ya mzee na maswali yake. Kubali kila kitu, omba msamaha, nitakuombea onyo la maandishi, saa saba tuko nyumbani."

"Nikubali na lile la kumsimamisha yule mama?"

"Lile hasa. Mzee anapenda mtu anayejutia. Nani atasikia? Sisi na mabenchi yako."

Mkurugenzi alicheka kwa pua, akaingia.

Shemeji aliitwa wa kwanza. Aliketi, akanyoosha gauni, akamtazama Mwenyekiti na si kamera. Kipaza chake kilikuwa kimefungwa. Kwenye skrini ndogo ya fundi midomo yake ilicheza bila sauti, na kupitia mlango ulioachwa bila komeo sauti yake ilikuja nyembamba: "Mimi ni mtunza stoo wa hospitali."

Mwenyekiti aliinama. Kalamu ikatembea.

"Mimi... ni mtunza stoo... wa hospitali," ilisema spika ya fundi, safi kama taarifa ya habari.

Fundi aliinua kichwa. "Anafanya nini huyu mzee?"

"Anaandika."

"Inatoka yote! Nimshushe?"

Afisa habari alimsogezea nakala ya amri. Fundi aliisoma, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho. "Muda wote bila kushushwa," alisema. Akatoa mkono kwenye kitufe na kuuweka mfukoni, ukae salama.

"Mkurugenzi aliniagiza nitoe magodoro mapya," alisema shemeji, akanyamaza.

"Mkurugenzi... aliniagiza... nitoe... magodoro mapya."

"Nikakataa. Wodini wazazi walikuwa wanalala wawili wawili."

"Nikakataa," alisema jaji mstaafu mbele ya nchi nzima, na sauti yake, iliyozoea kutoa hukumu, ililipa neno hilo uzito ambao shemeji asingeuweza. "Wazazi... walikuwa wanalala... wawili wawili." Hapo aliacha kuandika. Aliitazama sentensi yake kama mtu anayetazama kitu alichokiokota. Kisha akaendelea.

"Jumapili sikuwepo kazini. Jumatatu nilikuta stoo tupu na kufuli zima."

"...na kufuli... zima."

"Nikasimamishwa mimi. Mtaani wananiita Mama Magodoro."

"Mtaani," alisema Mwenyekiti, bila kutabasamu, "wananiita... Mama Magodoro."

Kutoka mabenchini ilisikika guno moja, likazimwa. Simu ya afisa habari ilitetemeka. Alikuwa mke wake, na nyuma yake sebule nzima ilikuwa inaongea kwa wakati mmoja.

"Baba Mapacha, mbona mzee anasema maneno ya dada?"

"Anayaandika."

"Anayasema vizuri kuliko yeye! Mama Gesi anauliza, kwa hiyo aliyekataa kutoa ni nani, mzee au dada?"

"Mwambie atazame ni nani anayefumbua mdomo kwanza."

Alisikia mke wake akiurudia ujumbe huo, kisha ukimya wa watu wanaotazama. "Wameelewa," alisema. "Usikate."

Hakukata. Shemeji alimaliza, akatoka, akaja kusimama kando yake ujiani. Mkurugenzi alikaa mahali pake, akaweka mkono kifuani, na kuanza kujutia.

Alijutia vizuri. Alikuwa amejiandaa, na alijua hakuna anayemsikia. Alisema ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao yeye. Alisema aliagiza lori lije Jumapili, watu wakiwa makwao. Kila aliposimama kuvuta pumzi ya majuto, Mwenyekiti alimfikia kwa kalamu.

"Ufunguo... wa pili... nilikuwa nao mimi."

"Magodoro yako wapi sasa?" aliuliza Mwenyekiti.

Mkurugenzi alijibu, ameinamisha kichwa.

"Yako... kwenye nyumba yangu... ya wageni," alisema Mwenyekiti. "Vyumba... vyote."

"Na mtunza stoo?"

"Hakujua lolote. Nilimsingizia kwa sababu stoo ilikuwa yake."

"Mtunza stoo... hakujua... lolote." Mwenyekiti aliishusha sauti yake kidogo, kama alivyozoea anapofikia kiini cha jambo. "Nilimsingizia."

Kwenye simu, mtu sebuleni alipiga kelele. Afisa habari aliisogeza simu mbali na sikio, akampa shemeji. Shemeji aliisikiliza. Ilikuwa sauti ya Mama Gesi, na haikuwa na utani ndani yake. Ilimwita dada, na kwa jina lake halisi, mara mbili, kana kwamba inajaribu kama bado linafanya kazi.

"Nimesikia, mama," shemeji alisema mwishowe. "Nimesikia. Tutaongea nikirudi." Akamrudishia simu. "Imetoka yote?"

"Yote. Ila kwa sauti ya mtu mwingine."

"Maneno yalikuwa ya wenyewe," alisema, akajifuta uso kwa kiganja.

Katibu alipita mbele yao mbio, tai ikiwa begani, simu ikilia mkononi. Kuna mtu wa juu alikuwa amewasha runinga. Aliingia ukumbini, akamfikia Mwenyekiti, akainama na kumnong'oneza. Mwenyekiti alikuwa katikati ya mstari na mkono wake haukujua kubagua.

"Mzee... unasikika... nchi... nzima," aliandika, akitamka.

Akainua kichwa. Alimtazama katibu, akakitazama kipaza, kisha akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake na maneno yake ya mwisho yakiwa bado na unyevu wa wino.

Wakili wa Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Aliomba maneno yote ya mteja wake yafutwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa aliyasema akiamini kwamba hakuna mwananchi anayesikia. Lilikuwa ombi rasmi, na ombi rasmi huandikwa. Mwenyekiti alirudi kwenye kalamu.

"Aliyasema... akiamini... kwamba hakuna... mwananchi... anayesikia."

Saa sita na dakika kumi na mbili katibu aliingia chini ya meza kwa magoti na kuchomoa waya. Spika ya fundi ilinyamaza. Kwenye skrini Mwenyekiti aliendelea kuandika, midomo ikicheza.